Tuhesabu Ndala Kwanza, Kompyuta Baadaye

Leo tunaleta jambo la kompyuta, lakini msikimbie. Hata kama hujawahi kuishika kompyuta utaelewa, na mwisho utaona kwamba ni jambo letu sote.

Mwezi uliopita tulifanya mtihani wa mchujo. Kutoka kikundi chetu tulikuwa 12. Zilikuwa nafasi za mafunzo ya kuandika programu kwa miezi 6, na anayechukuliwa anapewa kompyuta ya kutumia na hela ya bando. Anayeishi kambini anajua hilo lina maana gani. Kazi za nje huwezi kuzifuata bila vibali, lakini kazi ya kompyuta inaweza kukufuata mpaka kwenye hema.

Tulijiandaa wiki tatu. Tulikuwa na simu nne na kompyuta mbili za kituo. Tulitafuta maswali ya zamani, tukakuta swali moja linarudi mara nyingi: andika programu ya kuangalia kama neno linasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Jibu lake ni mstari mmoja tu. Tuliliandika kwenye daftari, tukalikariri kama sala, kila mtu anaweza kulisema hata akiamshwa usiku.

Siku ya mtihani swali likaja. Yaani tulifurahi! Tukaandika haraka, tukamaliza mapema, tukatoka nje tunapeana mikono. Majibu yalipotoka, kati yetu 12, tulioanguka ni 11. Aliyepita ni dada mmoja tu, na huyo ndo yule aliyekosa vipindi vingi kuliko wote kwa sababu asubuhi anauza mandazi na jioni yuko kwenye foleni ya maji.

Kumbe swali halikuwa lile tulilolikariri. Lilifanana nalo kama mtu na ndugu yake. Liliuliza hivi: andika programu ya kuangalia kama herufi za neno zinaweza kupangwa upya zikawa neno linalosomeka sawa mbele na nyuma. "Zinaweza kupangwa upya." Maneno matatu, na sisi tuliyapita kama mtu anayepita kibao cha barabarani akiwa amelala kwenye basi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, tunayasema mapema ili mtubishie vizuri: hapa kambini tunafundishwa, na sisi wenyewe tunajifundisha, kompyuta kinyume. Tunaanza na mashine na jibu, halafu tunasahau swali. Tuanze na swali, kwa mikono yetu na kwa lugha tunayoielewa, halafu mashine ije mwisho. Na tunataka kuonyesha kwa swali hilo hilo lililotuangusha.

Twende polepole.

Neno linalosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia linaitwa palindromu. Kiswahili tunazo: utu, ini, ada, ama, aga, apa. Soma utu kuanzia mwisho, unapata utu. Kuna kitu tulikigundua wenyewe tukiwa tumekaa chini ya mti, hakuna mwalimu aliyetuambia: palindromu za Kiswahili zinaanza na irabu. Sababu ni nyepesi. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, yaani a, e, i, o au u. Kama mwisho ni irabu, na mwanzo lazima ufanane na mwisho, basi mwanzo nao ni irabu. Ndo maana kaka siyo palindromu. Ukiisoma kinyume unapata akak.

Sasa swali la mtihani liko hatua moja mbele. Halikuulizi kama kaka ni palindromu. Linasema: nikikupa herufi za kaka, yaani k mbili na a mbili, uzichanganye unavyotaka, unaweza kutengeneza palindromu? Jibu ni ndiyo. Unapata akka, au kaak. Si lazima neno jipya liwe na maana, linalotakiwa ni lisomeke sawa pande zote mbili.

Ile programu yetu ya kukariri inageuza neno na kulinganisha. Ukiipa kaka inasema hapana, na kazi inaishia hapo. Sisi 10 tuliiandika hiyo hiyo. Haikuwa na kosa lolote la uandishi, ilijibu vizuri kabisa swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza.

Mwenzetu mmoja, tumsifu kwa hilo, aliliona neno "kupangwa". Yeye akaandika programu ya kupanga herufi kwa kila namna inayowezekana, halafu kuangalia kila mpangilio kama unasomeka sawa. Wazo lake ni sahihi. Kwa neno la herufi 4 mipangilio ni 24, mashine inamaliza kabla hujafumba macho. Kwa herufi 8 ni 40,320, bado sawa. Kwa herufi 10 ni 3,628,800. Lakini mtihani ulikuwa na maneno marefu, na yake ikakwama. Skrini ikabaki inazunguka tu mpaka muda ukaisha.

Kwa nini ilikwama? Chukua neno wanaoandikishwa, neno tunalolijua sote vizuri. Lina herufi 15. Mipangilio yake kwa njia ya mwenzetu ni 1,307,674,368,000. Tuseme kompyuta inaangalia mipangilio milioni moja kila sekunde. Itahitaji siku 15 hivi, usiku na mchana, bila umeme kukatika. Na neno lenyewe jibu lake ni hapana, kwa hiyo mashine haiwezi kupata bahati ikasimama njiani. Ili iseme hapana kwa uhakika, lazima iimalize yote. Ukiongeza herufi tano tu, zikawa 20, muda unapita miaka 77,000. Hakuna sola ya kambi itakayofika huko, na hata kompyuta ya tajiri haifiki. Ubovu wa mashine hauhusiki hapa. Tatizo ni njia yenyewe.

Jioni ile tulimfuata yule dada, tukamwuliza aliandika nini. Hakutuonyesha kompyuta. Kulikuwa na mkutano wa bloku, watu wako ndani, ndala zimejaa mlangoni zimechanganyika. Akasema: hebu zipangeni.

Tukaanza. Unaokota ndala moja. Kama mwenzake hajaonekana, unaiweka pembeni isubiri. Unaokota nyingine. Kama mwenzake yuko pembeni anasubiri, unawatoa wote wawili, hao wameshapata jozi, hatuna habari nao tena. Unaendelea hivyo mpaka ndala zimeisha. Mwisho unatazama pembeni: ni ndala ngapi zimebaki peke yao?

Akasema, herufi ni hivyo hivyo. Zikibaki pembeni herufi sifuri au moja, jibu ni ndiyo. Zikibaki mbili au zaidi, jibu ni hapana. Basi. Ndo programu nzima.

Tukamwuliza kwa nini. Hapa ndo tunataka kila mtu asimame kidogo, kwa sababu "kwa nini" ndo sehemu ambayo sisi 11 hatukuwahi kuigusa.

Fikiria neno limelala chini kama kamba, na katikati yake umesimamisha kioo. Ili lisomeke sawa pande zote, kila herufi iliyo upande wa kushoto lazima iwe na mwenzake upande wa kulia, umbali ule ule kutoka kwenye kioo. Ya kwanza na ya mwisho ni jozi. Ya pili na ya pili kutoka mwisho ni jozi. Kwa hiyo kila herufi inatumika mbili mbili. Kuna sehemu moja tu isiyo na upande wa pili, nayo ni pale katikati kabisa. Pale panakaa herufi moja bila kuhitaji mwenzake. Haziwezi kukaa mbili, kwa sababu katikati ni moja tu.

Wale waliosoma hesabu watasema hivi: kila herufi iwe na idadi shufwa, yaani 2, 4, 6, isipokuwa moja inayoruhusiwa kuwa na idadi witiri, yaani 1, 3, 5. Ni kitu kile kile. Lakini sisi tuliosahau shufwa na witiri, ndala zinatosha.

Tukaanza kujaribu maneno kwa vifuniko vya soda. Tuliviandika herufi kwa kalamu, tukakaa chini. Hatukuwa na chaji wala bando, na tulicheka kuliko siku zote za maandalizi.

Baba: b mbili, a mbili, hakuna anayebaki. Ndiyo, unapata abba. Mama, dada na bibi nao wanapita. Babu: b mbili, lakini a na u wamebaki peke yao. Hapana. Kwa hiyo baba anapita, babu anakataliwa mlangoni. Papai: p mbili, a mbili, i imebaki moja. Moja inaruhusiwa, inakaa katikati: paiap. Kikoi hivyo hivyo: kioik.

Halafu mtu akasema tujaribu kambi zetu. Kakuma, iliyofunguliwa 1992: k mbili, a mbili, u na m wamebaki. Hapana. Dadaab, ya 1991: d mbili, a tatu, b moja. Inabaki a moja na b. Hapana. Nyarugusu ya kule Kigoma, ya 1996: u ziko tatu, mbili zinaondoka, na inabaki u moja pamoja na n, y, a, r, g na s. Saba! Hapana kubwa. Tukafika Bidi Bidi ya Uganda, ya 2016: b mbili, d mbili, i nne. Hakuna anayebaki. Ndiyo: bidiidib. Wa Bidi Bidi mliopo hapa, hongereni, mmeshinda kambi zote.

Tukauliza kwa nini Bidi Bidi imepita kirahisi hivyo, na hapo tukapata zawadi nyingine. Ni kwa sababu ni neno moja limesemwa mara mbili. Ukirudia neno, kila herufi inaongezeka mara mbili, kwa hiyo kila moja ina mwenzake. Maana yake ni kwamba maneno yetu yote ya kurudia yanapita, bila hata kuyahesabu: polepole, sawasawa, kimyakimya, harakaharaka. Kiswahili kimejaa maneno haya. Hii si rahisi kuikuta kwenye vitabu vya kompyuta vya Kiingereza kwa sababu Kiingereza hakisemi hivyo mara nyingi. Sisi tuliikuta kwa sababu tulikuwa tunafikiri kwa lugha yetu.

Sasa, baada ya yote hayo, ndo tukaiendea kompyuta. Programu kwa Python ni hii, mistari 10. Majina ya ndani tumeweka Kiswahili, Python haina ugomvi na hilo:

def inawezekana(neno):
    wapweke = set()
    for herufi in neno.lower():
        if not herufi.isalpha():
            continue
        if herufi in wapweke:
            wapweke.remove(herufi)
        else:
            wapweke.add(herufi)
    return len(wapweke) <= 1

Isome kama ndala. "Wapweke" ni ile sehemu ya pembeni, mwanzo iko tupu. Tunachukua herufi moja moja. Kama mwenzake yuko kwenye wapweke, tunamtoa. Kama hayupo, herufi inaingia kusubiri. Mwisho tunauliza: waliobaki ni mmoja au sifuri? Kwa neno wanaoandikishwa, mashine inapita herufi 15 mara moja tu na kumaliza, inakuta o, d, k, s na h wamebaki, inasema hapana. Kazi ya siku 15 imekuwa hatua 15. Kompyuta ni ile ile ya zamani ya kituo, yenye kibodi iliyong'oka herufi.

Mtatuuliza, hiyo lower na hiyo isalpha ni za nini? Hizo tulizipata kwa kuumia. Mara ya kwanza hatukuziweka. Tukaandika Baba kwa B kubwa, mashine ikasema hapana. Tukashangaa, si tuliona kwa vifuniko kwamba inapita? Kumbe kwa kompyuta B kubwa na b ndogo ni herufi mbili tofauti, haziwezi kuwa jozi. Lower inazifanya zote ndogo. Halafu tukaandika "papai baba", ikakataa tena. Herufi zilikuwa sawa, ila ile nafasi tupu kati ya maneno mashine iliihesabu nayo kama herufi, ikawa mpweke wa pili pamoja na i. Isalpha inasema: kama siyo herufi, ipite. Ile alama ya juu ya ng'ombe nayo inapitwa hapo.

Mtu wa kambini anayaelewa haya kuliko mtu mwingine. Sote tunajua jina likikosewa herufi moja kwenye karatasi linavyokusumbua, wewe uko pale pale umesimama na mashine inasema hupo. Mashine haina ubaya, inafuata alichoandika mtu ambaye hakufikiria majina kama yetu. Siku moja atakayeandika anaweza kuwa mmoja wetu. Ndo maana tunataka ajue kuuliza.

Tena kuna neno moja lilitugombanisha jioni nzima: acha. Ukilitamka, lina sauti tatu: a, ch, a. Kwa sikio ni palindromu kamili. Lakini kwa herufi ni a, c, h, a, na c na h wanabaki wapweke, kwa hiyo programu inasema hapana. Nani yuko sahihi? Wote wawili, inategemea mmekubaliana kuhesabu nini, sauti au herufi. Swali la mtihani lilisema herufi, basi ni hapana. Tulichojifunza ni kwamba kabla ya kuandika chochote lazima ujue unachohesabu. Kompyuta haitakuuliza.

Haya, sasa tuseme tulichokuja kusema.

Kwanza tujiseme sisi vijana. Yule dada alikuwa anauliza maswali kila alipokuja. "Kwa nini tunageuza neno? Ikiwa swali limebadilika itakuwaje?" Na sisi tulimcheka. Tulisema anaturudisha nyuma, mtihani umekaribia. Wengine walisema amekosa vipindi ndo maana haelewi. Ukweli ni kwamba sisi ndo hatukuelewa, ila tuliona aibu kusema. Kukariri kulitupa raha ya kuonekana tunajua. Tumemwomba msamaha mbele ya kikundi, na leo tunarudia hapa. Yeye alikuwa na dakika chache kuliko sisi kwa sababu ya maji na mandazi, kwa hiyo hakuwa na muda wa kukariri. Alilazimika kufikiri. Hatusemi foleni ya maji ni shule. Tunasema dada zetu wapunguziwe foleni, halafu mtaona watafika wapi.

Pili, ndugu zetu wa mashirika. Tunashukuru kwa vituo, kwa kompyuta, kwa sola. Lakini ripoti zinauliza kitu kimoja: wangapi wamepata cheti? Sisi 11 wote tunavyo vyeti vya kompyuta, vina mihuri na picha. Havikutusaidia kusoma maneno matatu. Tunaomba muongeze swali lingine: wangapi wanaweza kueleza? Ni rahisi kupima. Mfundishe mtu jambo, halafu badilisha swali kidogo tu, kama lile letu lilivyobadilika, mwangalie anafanya nini. Akiweza kukwambia kwa nini jibu la jana halifai leo, huyo amejifunza.

Tatu, kuhusu uchache wa vifaa. Piga hesabu nasi. Kompyuta mbili, saa mbili kwa siku, watu 12. Kila mtu anapata dakika 20. Ukizitumia dakika 20 kunakili jibu la mtu, zimeisha na hujapata kitu. Lakini ukiwa umeshapanga ndala, umeshachora kwenye udongo, umeshagombana na wenzako kuhusu acha, dakika 20 zinatosha kuandika mistari 10 na kuijaribu kwa maneno yako yote. Hatusemi msilete kompyuta. Leteni, tunazihitaji sana. Tunasema tusikae tu tunasubiri kompyuta ya tatu wakati vifuniko vya soda vimejaa kila mahali.

Nne, lugha. Swali lilikuwa la Kiingereza. Wengi wetu kutoka Kongo na Burundi tulisoma kwa Kifaransa, na lile neno la "kupangwa upya" tulilipita kwa sababu macho yalikimbilia neno tunalolijua. Hatuombi mitihani ya dunia igeuzwe Kiswahili, tunajua haitawezekana kesho. Tunaomba kufundishwa kufikiri kuwe kwa Kiswahili, lugha inayotukutanisha, halafu maneno ya Kiingereza tutayajifunza baadaye. Hesabuni maneno ya Kiingereza kwenye programu yetu hapo juu: ni machache, mtu anayajua kwa wiki moja. Kilichochukua muda ni kuelewa kwa nini katikati ni moja tu.

Tunajua mtakayotujibu. Wengine mtasema, siku hizi simu yenyewe inajibu, uliza tu programu inakuandikia. Ni kweli, na tumejaribu. Lakini simu inajibu swali ulilouliza. Sisi tungeuliza lile swali tulilolikariri, simu ingetupa lile jibu tulilolikariri, na tungeanguka vile vile, kwa kujiamini zaidi. Ili uulize vizuri lazima uwe umeelewa, na ili ujue simu imekudanganya lazima uwe na vifuniko vyako.

Wengine mtasema, mgao umepungua, watu wana njaa, na ninyi mnahesabu herufi. Hili ni zito, hatulichezei. Nasi tunakula mgao ule ule. Lakini zile nafasi za mafunzo zilikuwa njia ya watu kuanza kujilisha, na tulizipoteza 11 kwa siku moja, kwa maneno matatu. Huo nao ni mgao uliomwagika.

Mchujo mwingine utakuja. Sasa kila Jumamosi jioni tunakaa bila kompyuta hata moja. Anayeleta swali haruhusiwi kuleta jibu. Anayejibu lazima aeleze mpaka mtoto wa darasa la sita anayepita na ndoo yake aelewe, na akiuliza "kwa nini" hakuna kumcheka. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa yule dada, kabla hajaanza mafunzo yake. Ametuachia vifuniko vyake kwenye kopo la maziwa.

Na ninyi tunawaachia kazi. Chukua jina lako, jina la bloku yako, jina la kijiji ulichotoka. Panga ndala, uone nani anabaki mpweke. Wenye Kirundi na Kinyarwanda, maneno yenu nayo yanaishia na irabu, angalieni kama palindromu zenu zinaanza na irabu kama zetu. Wenye Kisomali, lugha yenu ina maneno mengi yanayoishia na konsonanti, tuambieni ninyi mnazo palindromu za namna gani, sisi hatuwezi kuzikuta bila ninyi.

Usitafute jibu kwenye simu kwanza. Toka nje, tazama mlangoni, ndala zipo.